Kipimo cha Karakana

Karakana ya shangazi yangu haikuwa na sanamu la kujaribishia nguo. Lilikuwepo zamani, la mbao, mpaka mchwa wakalila mguu likaangukia cherehani, na Shangazi akasema hanunui jingine wakati ana mtoto mzima wa kaka yake amesimama pale anapumua bure. Mtoto huyo ni mimi. Tangu nimalize shule, kila nguo ya mfano iliyoshonwa mle ilianza mwilini mwangu. Napanda juu ya stuli, natandaza mikono, Shangazi ananizungushia futi na kutaja namba kwa sauti ya kushinda vyerehani, na fundi wetu wa kukata anaziandika mezani kwa chaki. Namba zangu, tulizoziita kipimo cha kati, ndizo zilizotoa karatasi za kukatia, ndogo hadi kubwa, na karatasi hizo ndizo zilizotoa kila sketi na kila gauni tulilouza. Mafundi waliniita Sindano. Na mimi, mjinga wa kutupwa, nililipenda jina hilo kuliko nililopewa na wazazi wangu.

Nilivyougua sielezi sana. Watu wanapenda kuulizia hapo hapo, ulikuwa unafanyaje, ulikuwa unakula nini, utadhani wanataka mapishi. Itoshe kusema nilikuwa na vita na chakula. Siku nyingine nakikimbia, siku nyingine kinanikamata na kunishinda, halafu naishia chooni na aibu yangu, na yote hayo nilikuwa nayaficha vizuri kuliko mshono wa ndani. Mficha maradhi kilio humfichua, na kwangu kilio kilibaki kidogo tu. Nilianguka mchana kweupe, kutoka juu ya stuli, futi ya Shangazi ikiwa bado kiunoni mwangu.

Yeye ndiye aliyenibeba mgongoni hadi barabarani, mama wa makamo mwenye goti bovu, akisimamisha magari kwa mkono mmoja. Hospitalini daktari alizungumza naye kwanza, kisha akaja kwangu. Moyo umechoka, akasema, umeanza kuruka mapigo, na ukirudishwa tena kwenye njaa ile hautamwomba mtu ruhusa ya kusimama. Nilimsikia vizuri. Sikuwahi kutaka kufa, nilitaka tu kuwa mdogo, na hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba barabara ni moja. Palepale kitandani nikaamua kwamba nitapona, hata ikibidi nipone kwa hasira.

Na hasira ilikuwepo ya kutosha, maana nilikabidhiwa kwa mshauri, mwanamke mfupi mwenye upole wa kuudhi. Siku ya kwanza alinipa kipande cha chungwa, akaniambia nisikile kwanza, nikitazame. Nikakitazama. Akataka nikinuse, nikiguse kwa ulimi, kisha nikitafune taratibu na kumweleza ninachokisikia kinywani. Nilitamani kumrushia lile chungwa. Nilimwambia mimi ni fundi, si mtoto wa chekechea, na kama analipwa kwa kutazamisha watu matunda basi ana nyota kali. Hakununa. Alisema hiyo ni hasira, karibu sana, hebu nimwonyeshe imekaa wapi mwilini. Nilitaka kumjibu jeuri nyingine nikashindwa, kwa sababu kweli ilikuwa imekaa mahali, hapa chini ya taya, kama mfupa wa samaki.

Ndivyo alivyonifundisha, kidogo kidogo, nami nikibisha kila hatua. Alinifundisha kuita hisia kwa jina lake. Mimi kila kitu nilikiita unene: nikiogopa najiona mnene, nikigombana na mtu najiona mnene, nikimkumbuka marehemu baba najiona mnene. Alinifundisha kupumua hadi chini ya kitovu, jambo ambalo nililifanya vibaya kwa muda mrefu, maana tumbo langu lilikuwa limezoea kubanwa. Na ile hamu ya kukimbia sahani, au ya kwenda kukitoa nilichokula, alisema nisipigane nayo na wala nisiitii. Nikae nayo kama mtu anavyokaa na ganzi ya mguu. Inatambaa, inauma, unataka kuruka, lakini ukitulia inaisha yenyewe, na ukikurupuka unaanguka. Hilo la ganzi nililielewa, maana anayekanyaga cherehani kutwa nzima hahitaji kuelezwa ganzi ni nini.

Niliporudi karakanani nilikuwa na mwili mwingine. Haukuwa mkubwa, ulikuwa tu wa mtu anayekula. Sasa nyinyi mnatujua: aliyetoka kuugua hatuna zawadi nzuri ya kumpa kuliko kumwambia amenenepa. Kila aliyeingia mlangoni alinishika mashavu akasema nimenawiri, nimejaa, Mungu ni mwema, na alisema kwa mapenzi matupu. Nilikuwa naitikia asante huku moyoni nahesabu njia za kutoroka. Mkasi, yule fundi wa kukata, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi na ulimi usiofungwa na chochote, aliinua kichwa akauliza mmeona wapi sindano ikageuka msumari. Karakana nzima ikaangua kicheko, na mimi nikacheka nao.

Kisha nikaenda upande wa pasi. Niliweka kiganja juu ya kitambaa ambacho hakijapigwa pasi bado, nikasikia ubaridi wake na nyuzi zake. Nikajiambia: hii ni aibu, imekaa usoni, ina moto, itapita. Haikupita haraka. Nilinyoosha mashati yote ya siku ile, mengine mara mbili, mpaka ikaniachia. Ndipo nikamfuata Mkasi mezani kwake, nikamwambia kwa adabu kwamba mwili wangu si mali ya utani tena. Alisema jamani, ni masihara tu. Nikamjibu masihara anayo gunia zima, achague mengine. Alinitazama juu ya miwani, na tangu siku hiyo akahamia kwenye ushonaji wangu, kwamba nashona kama ninayekimbizwa na mbwa. Huo niliuweza, maana ni kweli.

Mchana nilikula na Mama Vifungo. Ni mwanamke mzima anayeshona vifungo na mapindo kwa mkono, mlalamishi wa daraja la kwanza, na meno ya kutafunia yamembakia ya kuhesabika. Sahani yake humchukua muda mrefu kuliko ya mtu yeyote. Nilimchagua kwa sababu hiyo, nikawa namfuatisha: akitafuna natafuna, akitua natua, akisimulia ubaya wa wakwe zake nasikiliza huku nikitambua ladha iliyo kinywani. Ilikuwa kazi, asikwambie mtu. Wenzangu walikula ili warudi kazini, mimi kula ndiko kulikokuwa kazi yenyewe, na cherehani ndiyo iliyokuwa mapumziko.

Basi ikaja oda ya hoteli. Mwenye hoteli alitaka magauni ya wahudumu wake wa mapokezi, akaleta jora lake mwenyewe la kitambaa kizito cha buluu, akasema atarudi Ijumaa aone gauni la mfano likiwa mwilini mwa mtu, si kwenye kiango. Akiridhika atatupa kazi ya wafanyakazi wake wote, na wa hoteli ya dada yake. Shangazi alitembea na goti lake bovu siku ile kama msichana. Mkasi akazishusha karatasi za kukatia kutoka ukutani, zile zile za siku zote, akakata. Mimi mwenyewe nikalishona. Nilishona mpaka zipu, na hata sijui akili yangu ilikuwa wapi, sikujiuliza itamfunga nani.

Nilipanda stuli. Shangazi akanivisha, akanigeuza, akaanza kupandisha zipu mgongoni. Ilipanda hadi kiunoni ikasimama. Akavuta. Akasema nibane, nikabana. Akamwita Mama Vifungo aje ashike pande mbili azilete pamoja, naye akashika, lakini hazikukutana. Vyerehani vilikuwa vimenyamaza kimoja baada ya kingine. Nilikuwa naona dirisha, rafu ya nyuzi, na watu wanaojitahidi kutazama chini. Shangazi akawaambia wote waende wakanywe chai ingawa haikuwa saa ya chai.

Tulipobaki wawili alinisaidia kuvua, taratibu, kama anayemvua mgonjwa. Alikunja lile gauni akalipakata. Sitamsingizia ubaya. Alikuwa amechoka, alikuwa ameiona kazi kubwa inamponyoka, na mdomo ukatangulia akili.

"Mwanangu, jikaze kisabuni mpaka Ijumaa," alisema. "Punguza cha jioni tu. Mteja akishaondoka utakula utakavyo, nitakupikia mwenyewe."

Nilisema naenda chooni.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kile choo cha nyuma, chenye mlango wa bati, kilikuwa kinanijua. Nilisimama mlangoni nikasikia kitu kama furaha, na hicho ndicho kilichonitisha kuliko yote. Nilikuwa nimepewa ruhusa. Miezi yote ile nilikuwa napambana na sauti ya ndani, na leo imetoka nje, inazungumza kwa mdomo wa mtu ninayempenda kuliko wote duniani, na inaniita mwanangu. Ilikuwa rahisi mno. Nisingehitaji hata kuficha.

Niligeuka nikaenda kwenye bomba la uani. Nikafungulia maji yakapita juu ya vifundo vya mikono mpaka baridi ikapanda kwenye viwiko. Nikatafuta jina. Hofu, ndiyo, ya kumwangusha Shangazi. Hasira, chini ya taya, mahali pake pale pale. Na huzuni, ambayo sikuitarajia, imelala kifuani nzito kama kitambaa kilicholowa. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyokuwa unene. Nilikaa kwenye ngazi ya saruji nikampigia mshauri, nikamwaga yote, kwamba Shangazi ndiye aliyenibeba, kwamba nyumba ninayolala ni yake, kwamba mkubwa hakataliwi, kwamba akikosa kazi hii itakuwa juu ya kichwa changu. Alinisikiliza hadi mwisho kwa ule upole wake.

"Ya Shangazi nimeyasikia," akasema. "Wewe unataka nini sasa hivi?"

"Nataka kula mchana," nikasema, na sauti ikakatika, nikalia pale kwenye ngazi kama mtoto.

Nililia, nikanawa uso, nikaenda kula. Mama Vifungo alikuwa amenishikia nafasi kwenye benchi na safari hii hakusema lolote kuhusu wakwe zake. Wali ule na maharage nilivitazama kama adui. Kijiko cha kwanza hakikuwa na ladha, cha pili kilikuwa na chumvi, cha tatu nilitaka kukiacha. Niliweka kijiko chini, nikapumua, nikasikia benchi chini ya mapaja, jua kwenye mguu mmoja, harufu ya mafuta ya cherehani mikononi mwangu. Ile hamu ya kuinuka ikaja yote, ikatambaa, ikachoma, nami nikakaa nayo. Kijiko nikakichukua tena. Hakuna aliyenipigia makofi, na haikuwa tamu, ila sahani iliisha.

Nilipokuwa natafuna ndipo macho yangu yalipotua kwenye ile fimbo ya chuma iliyopita ukutani, tuliyotundikia nguo zilizorudi. Katika karakana yetu nguo kurudi lilikuwa jambo la kawaida. Tunakabidhi, mteja anavaa, anarudi, tunafumua pembeni na kulegeza. Wiki nyingine tulifumua kuliko tulivyoshona. Shangazi alikuwa na utani wake, kwamba wateja wa siku hizi wananenepa kati ya mlango na barabara, na Mkasi akimjibu kwamba ni upepo. Niliinuka nikaenda kuzishika. Sketi ya mwalimu, gauni la muuguzi, koti la karani, la mama wa watoto, la binti ambaye hata watoto hana. Zote zilikuwa zimebana mahali pale pale, kiunoni na mbavuni. Nilisimama pale na nguo za ile fimbo nzima mikononi mwangu, na nikasikia damu inanienda mbio.

Shangazi alikuwa mezani anakagua lile gauni la buluu, akitafuta akiba yoyote ya kitambaa ndani ya mshono. Wenzangu walikuwa wameanza kurudi. Ningeweza kumwita pembeni, na adabu ingetaka hivyo, lakini nilijua nikimpeleka pembeni nitalainika.

"Shangazi, sitapunguza chakula."

Hakuinua kichwa. "Nimekwambia ni mpaka Ijumaa."

"Kwangu Ijumaa haipo. Nikianza leo nitaendelea, najijua. Utanibeba tena mgongoni, na safari hii hutafika barabarani."

Hapo aliinua kichwa. Nikaikanyagisha miguu sakafuni, nikahisi saruji kupitia viatu. Nilibwaga zile nguo mezani mbele yake, moja juu ya nyingine. Nikamuuliza hawa wote wamenenepa? Mwalimu, muuguzi, karani, wote, kila mwaka? Nikamuuliza tangu nianze kupanda stuli ile ni nguo gani iliyotoka humu isirudi kufumuliwa. Nilikuwa nimeshafika mbali, nikaona nimalizie.

"Karatasi zile zilikatwa kwa mgonjwa, Shangazi. Nilikuwa naumwa, na tukawavalisha watu ugonjwa wangu."

Aliniambia ameshika mkasi kabla sijazaliwa. Aliniambia namfundisha kazi mbele ya watu, yeye mwenye mvi hizi, na kwamba kweli mkubwa ni jalala, kila mtu anatupa lake. Sauti yake haikupanda, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Alichukua mkoba wake akatoka, na mlango ukajifunga taratibu nyuma yake kwa sababu ulikuwa na bawaba mbovu. Tulibaki tunatazamana. Mkasi alivua miwani akaifuta kwa shati kwa muda mrefu.

"Miaka yote hii," alisema, "nilidhani ni mimi ninayekata vibaya."

Mchana wote nilishona kama ninayekimbizwa na mbwa. Nilikuwa na uhakika nimeharibu. Naishi kwake, nakula kwake, yeye ndiye mama na ndiye baba, na nimemvua nguo mbele ya mafundi wake. Jioni nilifika nyumbani nikakuta chakula kimefunikwa mezani na mlango wa chumba chake umefungwa. Nilibisha hodi, nikasema shikamoo kupitia mbao, nikaitikiwa marahaba ya mkato, basi.

Nawaambia, katika milo yote ya kupona kwangu ule ndio uliokuwa mgumu kupita yote. Mchana nilikuwa na Mama Vifungo. Mezani pale nilikuwa na kiti kitupu cha mtu niliyemuudhi, na kichwa kilikuwa kinanieleza kwa ufasaha kwamba mtu mbaya hastahili kula, kwamba nikilala na njaa leo nitakuwa nimemwomba radhi bila maneno. Nilikijibu. Nilisema kwa sauti, peke yangu, kama mwendawazimu: hii ni hatia, imekaa tumboni, inajifanya shibe. Nikafunua sahani. Nilikula taratibu, nikitaja moyoni kila nilichokitafuna, na niliposhindwa kukitaja nilitafuna tu. Machozi yaliingia kwenye mchuzi nikayala pia. Nilipomaliza niliosha vyombo vyote, hata visivyo vyangu, kwa sababu mikono ilihitaji kitu cha kufanya mpaka hamu ipite. Kisha nikaenda kulala nikiwa nimeshiba na nimenuniwa, hali ambayo zamani nisingeiweza.

Asubuhi Shangazi alikuwa ameshatoka. Nilifika karakanani nikamkuta amesimama kwenye meza ya kukatia, na ukuta ulikuwa mtupu pale zilipokuwa zikitundikwa karatasi. Alikuwa anakata gazeti vipande virefu vyembamba na kuviunganisha kwa gundi. Niligundua kwamba shingoni hana futi. Ile futi ilikuwa kama ngozi yake, hata kanisani aliwahi kuingia nayo kwa kusahau, na leo shingo ilikuwa wazi.

"Panda," akaniambia, na kichwa akakielekeza kwenye stuli.

Nilipanda. Sikuwa nimepanda kwa ajili ya kupimwa tangu siku niliyoanguka, maana lile gauni la buluu lilitoka kwenye namba za zamani. Moyo ulikuwa unagonga. Hofu, nikajiambia, iko kifuani, iko magotini, itapita. Mkasi alikuja na chaki yake akasimama mezani tayari, kama kawaida. Shangazi akanizungushia kipande cha gazeti kifuani, akakutanisha ncha, akakata alama ndogo kwa mkasi pale zilipokutana, akakiweka mezani. Akachukua kingine akakipitisha begani, akakata alama. Mkasi akasubiri, akakohoa, akauliza namba ni zipi.

"Hakuna namba," Shangazi alisema. "Utaweka gazeti juu ya karatasi, utakata. Na kipimo kitakachoitwa cha kati humu ndani kuanzia leo ni hiki. Mteja tukimkosa, tumemkosa."

Alisema hayo bila kunitazama. Kisha akafika kiunoni. Alizungusha gazeti, akakutanisha ncha, mkasi ukiwa mkono wa kulia, halafu akasimama. Nilingoja ule mlio wa kukata, sikuusikia. Nilimtazama kutoka juu, nikaona mvi zake katikati ya kichwa, na nikaona mabega yake yanapanda na kushuka.

"Umelibana," akasema.

Nilikuwa sijui. Haki sikujua, tumbo lilikuwa limejivuta lenyewe kama linavyofanya siku zote mtu akinigusa hapo.

"Hata zamani ulikuwa unalibana," akaendelea, kwa sauti ndogo ambayo vyerehani vingeimeza kama vingekuwa vinalia, lakini hakuna aliyekuwa anakanyaga. "Nilikuwa nakuona. Nikipima hivyo hivyo, nikiwasifia watu kwamba mtoto wa kaka yangu ana kiuno. Mimi, mshonaji. Nilikupima kila mara na sikukuona."

Nikasema, "Abee, Shangazi," kama mtu aliyeitwa.

"Achia tumbo, mwanangu. Mimi nipo, nitangoja."

Haikutokea mara moja. Nilivuta pumzi ikaishia kifuani. Nikavuta nyingine ikaishia mbavuni. Mikono yake ilikuwa pale pale, haikusukuma wala haikuvuta, na hakuna mtu mle ndani aliyekohoa. Pumzi iliyofuata ilishuka hadi chini ya kitovu, na nikaachia. Gazeti likasogea vidoleni mwake, naye akalilegeza, akalilegeza tena, kisha akakata.